Ukihamia Kisumu, usitafute nyumba kwa jicho la Nakuru

Nyumba yangu ya kwanza Kisumu niliipenda kwa sababu ya jua. Nilikuwa nimekaa Nakuru miaka kumi na mmoja, mtaa wa Section 58, na huko mtu akitafuta nyumba ya kupanga hulitafuta jua jinsi anavyotafuta maji. Mimi ni fundi cherehani. Nazijua asubuhi za Julai za Nakuru, vidole vinakufa ganzi kabla hujatunga uzi, na nguo uliyoifua Jumatatu bado ina unyevu Jumatano. Kwa hivyo keateka, yule mtunzaji wa nyumba za kupanga, aliponifungulia nyumba ya ghorofa ya juu kabisa, madirisha mapana yakitazama magharibi na ziwa likimeremeta kwa mbali, sikuuliza mengi. Nilituma pesa pale pale mlangoni.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na hapo ndipo nilipokosea. Siku tuliyohamia, ilipofika saa tisa alasiri, jua liliingia kwa madirisha yale likakaa ndani mpaka saa kumi na mbili. Juu yetu hapakuwa na zege, ni mabati na dari ya mbao nyembamba tu. Kipande cha nta ninachopitishia uzi, ambacho Nakuru kilikuwa kigumu kama sabuni ya mche, nilikishika kikabonyea, alama ya kidole gumba ikabaki. Saa nne usiku ukuta ulikuwa bado una joto. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, aliacha kitanda akalala kwenye saruji. Tulivumilia miezi minne, kisha tukahama tena, safari hii tukaenda Migosi, nyumba ya chini yenye mwembe mlangoni.

Tangu hapo watu wanaohamishiwa kazi huku kutoka Nakuru, Eldoret na Kericho hupeana namba yangu, na wengi wananiuliza maswali yale yale. Ninachowaambia kwanza ni hiki: Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko karibu mita 1,850. Mteremko huo wa zaidi ya mita 700 ndio unaobadilisha kila unachokijua kuhusu nyumba nzuri. Dirisha ulilokuwa ukililipia zaidi Nakuru, huku ndilo utakalolizibia kwa pazia zito. Blanketi tatu hazina kazi. Maji, mbu na udongo ni mambo mapya pia, na yote yana namna yake ya kukaguliwa.

Lala mjini kwanza

Kabla ya kutafuta nyumba, njoo ulale Kisumu siku tatu au nne. Kama una ndugu, fikia kwake. Kama huna, tafuta gesti ya bei ya wastani. Pesa ya gesti inauma, lakini haifikii dipositi ya nyumba utakayoikimbia. Mara ya pili mimi nililala kwa wifi yangu Manyatta siku tano, na siku hizo tano zilinifundisha mengi kuliko ile miezi minne ya kwanza niliyojifungia na joto.

Anza na kazi yako na shule ya mtoto, kisha utafute nyumba kwenye njia inayounganisha hizo mbili. Mji huu una mikono mitatu mikubwa. Kuna barabara ya Nairobi, inayotoka kupitia Nyamasaria kuelekea Ahero. Kuna ya Kakamega, inayopita Kibuye, Kondele na Mamboleo. Na kuna ya Busia, inayopita upande wa uwanja wa ndege kuelekea Otonglo na Kisian. Mtu anayefanya kazi hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia, akipanga Otonglo atakuwa anavuka mji kwenda na kurudi kila siku. Akipanga Migosi au Kondele, ni boda fupi tu, na siku akikosa pesa ya boda anatembea.

Kuhusu mitaa, nitasema ninavyoiona mimi. Milimani ni kijani na kimya, na kodi yake si ya fundi cherehani. Tom Mboya, Kenya Re, Lolwe na Migosi ndiko watu wengi wa mshahara wa kati wanakotulia. Manyatta na Nyalenda kodi ni nafuu na mji uko karibu, na zipo nyumba nzuri huko, ila ukubwa wa tofauti kati ya kichochoro kimoja na kinachofuata utakushangaza, hasa mvua ikinyesha. Mamboleo inajengwa kila siku. Riat na Kajulu ziko juu vilimani, kuna upepo na usiku unalala vizuri, lakini kama huna gari hesabu nauli kabla hujaifurahia hewa.

Ukishapata mtaa unaokufaa, usimuulize mtu kama mtaa wake ni mzuri. Kila mtu husifu kwake. Muulize mama mboga: mvua kubwa ya mwisho maji yalifika wapi? Muulize kijana wa boda: mvua ikinyesha ni barabara gani huingii? Mama mboga mmoja wa Migosi ndiye aliyeniokoa. Nilisimama kwake nikanunua sukuma na nyanya, nikamwambia natafuta nyumba, nikamwonyesha kwa kidole ile niliyokuwa naiendea. Alipangusa mikono kwa leso akaniambia, "Wewe nyar Nakuru (binti wa Nakuru), ile nyumba ni safi, lakini maji wanabeba. Rudi hapa saa kumi na mbili asubuhi ujionee." Nilirudi. Niliona wanawake watano na mitungi.

Pesa isikutangulie

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu niliumia. Kabla ya kuhama mara ya kwanza niliona picha za nyumba kwenye Facebook: vyumba viwili, vigae chini, kodi 8,000. Aliyejiita ajenti alitaka 1,500 za kuonyeshwa na 2,000 za "kuishika" kwa sababu eti watu wengine wawili walikuwa njiani. Nilituma 3,500 nikiwa Nakuru. Nilipofika Kisumu simu yake haikupatikana tena. Nyumba ilikuwepo kweli, ile ya kwenye picha, na mama mmoja alikuwa anaanika nguo mlangoni. Alikuwa amekaa pale miaka mitatu na hakuwa na mpango wa kuhama.

Kwa hivyo: usitume shilingi kwa nyumba ambayo hujasimama ndani yake. Ukishasimama ndani, mtafute mwenye nyumba mwenyewe au keateka anayejulikana na wapangaji, kisha ubishe hodi mlango wa jirani na kuuliza kodi hulipwa kwa nani na kwa namba gani. M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea kabla pesa haijaenda. Lisome. Kama jina si lile uliloambiwa na majirani, simamisha. Hata mwenye haraka ya kweli atakusubiri dakika kumi.

Wapo maajenti waaminifu, na kazi yao ni kazi. Kubalianeni malipo yao mapema na uwalipe baada ya kupata ufunguo. Lakini njia niliyoiona ina faida zaidi Kisumu ni miguu: chagua mtaa, tembea asubuhi, soma vibao vya nyumba za kupangisha kwenye mageti, ongea na makeateka. Nyumba nyingi nzuri hazifiki mtandaoni. Anayehama humwambia rafiki yake, na rafiki anahamia kabla rangi haijapakwa.

Ikague saa tisa alasiri

Nyumba ya Kisumu haikaguliwi asubuhi. Nenda saa tisa, siku ya jua. Ingia chumba cha kulala, funga mlango, kaa humo dakika kumi bila kuongea na keateka. Kisha weka mgongo wa mkono kwenye ukuta wa magharibi. Kama huwezi kuuacha hapo ukihesabu hadi ishirini, utalala na joto hilo kila usiku. Tazama juu: zege au ghorofa nyingine juu yako ni kinga, mabati yenye dari nyembamba ni jiko. Mti upande wa magharibi una thamani kuliko vigae. Na tafuta madirisha ya pande mbili zinazoelekeana. Alasiri upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka upande wa milima ya Nandi, kwa hivyo nyumba yenye njia ya hewa mbele na nyuma hupumua saa zote. Yenye dirisha upande mmoja tu haipumui hata uweke feni mbili.

Kwa maji, soma mitungi. Keateka atakuambia maji yapo kila siku, na pengine anaamini hivyo. Wewe angalia milangoni. Ukiona mitungi ya lita ishirini imepangwa nje ya kila mlango, imejaa na kufunikwa, hao watu wanajua jambo. Fungua mfereji wa jikoni, kisha wa bafuni ghorofa ya juu kama ipo. Uliza tangi ni la lita ngapi na linagawiwa nyumba ngapi, na nani hulipia stima ya pampu. Uliza kama kila nyumba ina mita yake ya maji au mnagawana bili, maana bili ya kugawana humwumiza mwenye familia ndogo. Maji ya KIWASCO, kampuni ya maji ya mji, yana dawa. Ya kisima kifupi cha ploti, hasa mitaa ambayo bado ina vyoo vya shimo, usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Sisi wa Nakuru tulizoea kuogopa maji ya kisima kwa ajili ya floridi inayopaka meno rangi ya kahawia. Huku hofu ni nyingine, ni tumbo.

Udongo nao. Sehemu kubwa ya Kisumu ya chini, kuanzia Nyamasaria ukiingia uwanda wa Kano, ni ule udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kina hutembea. Utaijua: ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kushuka, mlango unaokwaruza sakafu, kigae kilichotengana na mwenzake. Mimi huchukua sarafu ya shilingi moja na kuijaribu kwenye ufa. Ikiingia yote, nashukuru naondoka. Ufa mwembamba wa plasta kama uzi si kitu, karibu kila nyumba unao.

Ukuta wa nje pia husema. Tafuta mstari wa rangi ya tope ulionyooka, futi moja au mbili kutoka chini. Hapo ndipo maji yalipofika. Ukiona chumvi nyeupe imechanua kwenye saruji ya ndani, unyevu unapanda kutoka chini. Na usifikirie mvua tu. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda, likafunika ufuo wa Dunga. Waliokuwa Nakuru mwaka huo wanakumbuka ziwa letu pia lilivyosogea hadi kwenye geti la hifadhi, kwa hivyo usiambiwe kwamba maji ya ziwa hukaa mahali pake.

Stima ni muhimu kwangu kwa sababu ya cherehani na pasi. Pasi ndiyo inayokula. Jambo la kujua ni kama mita ni ya Kenya Power yako peke yako, au ni mita ndogo ya mwenye nyumba nyuma ya mita moja ya ploti nzima. Bei ya yuniti huenda kwa ngazi: anayetumia kidogo, hadi yuniti 30 kwa mwezi, hulipa bei ya chini, na inapanda kadiri unavyotumia zaidi. Ploti ya nyumba kumi ikihesabiwa kama mteja mmoja, wote mnasukumwa ngazi ya juu hata kama wewe una balbu mbili. Njia rahisi ya kutambua: uliza tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, zinanunuliwa kwa paybill gani, ile namba ya malipo ya M-Pesa. Ya Kenya Power ni 888880. Ukiambiwa nyingine, au ukiambiwa "unamtumia keateka", hiyo ni mita ndogo. Si lazima uikatae nyumba, lakini omba kununua tokeni ya shilingi 100 mbele yako, hesabu yuniti zilizoingia, ulinganishe na za jirani wa ploti nyingine. Uniamini, mwisho wa mwaka tofauti hiyo inaweza kununua kabati.

Mbu sitasema mengi, ila haya yana uzito. Kisumu ni eneo la malaria na Nakuru si eneo lake, kwa hivyo mtoto aliyekulia Nakuru hana kinga aliyonayo mwenzake wa Kondele. Nyumba isiyo na wavu madirishani, mwombe mwenye nyumba auweke kabla hujaingia, au mkubaliane uuweke wewe na ukatwe kwenye kodi. Angalia mtaro ulio nyuma ya nyumba: maji yakisimama humo, mbu wamezaliwa humo. Na homa yoyote, hasa ya mtoto, ni kupima siku hiyo hiyo, si kununua dawa ya maumivu na kusubiri kesho. Binti yangu aliugua wiki ya tano. Nilidhani ni uchovu wa shule mpya, nikampa uji na kumlaza, na usiku huo tuliumaliza hospitalini. Sitaki mama mwingine akae pale kwenye benchi na swali nililokaa nalo mimi.

Kabla ya kuamua, rudi mara moja usiku, Ijumaa kama saa nne. Sikiliza. Baa, kanisa la kukesha, jenereta, mbwa. Tazama kama geti lina taa na kama watu wanaingia bila wasiwasi.

Andikeni

Mkubaliano wa mdomo ni mtamu siku ya kwanza. Kenya tunayo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji, lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingi tunazopanga sasa ziko juu ya hapo. Kwa hivyo karatasi mliyotia sahihi ndiyo ngao yako kubwa. Iwe na kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, dipositi na sharti la kurudishwa, notisi ni ya muda gani, kodi inaweza kupandishwa lini na kwa taarifa ya muda gani, na nani anatengeneza nini. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Mimi nilisisitiza iandikwe kwamba paa, mabomba ya ukutani na nyaya ni za mwenye nyumba, na balbu, vitasa na vioo ni vyangu.

Halafu pita nyumba nzima na keateka ukiwa na simu mkononi. Piga picha kila ufa, kila sinki, kila kigae kilichovunjika, na namba zinazosomeka kwenye mita. Mtumie hizo picha kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Nilipotoka ile nyumba ya jua, mwenye nyumba alitaka kunikata 4,000 za sinki lililopasuka. Nilimwonyesha picha niliyomtumia siku ya kuingia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa mama," na nikarudishiwa dipositi yangu yote.

Weka pesa ya kuingilia kando kabla hujaanza kutafuta. Migosi, mwaka wa 2023, mimi nilianza na kodi 9,500, dipositi 9,500 na dipositi ya maji na stima 2,000. Ukiongeza gari na wabebaji kama ingekuwa ni kutoka Nakuru, ambavyo mara ya kwanza vilinigharimu 17,000, ni 38,000 kabla hujanunua hata mkate. Usihame ukiwa na kodi na dipositi peke yake.

Mzigo na barabara

Kutoka Nakuru ni kama kilomita 185 kupitia Salgaa, Mau Summit, Kericho, Awasi na Ahero. Wa kwanza niliyemuuliza bei ya kanta, lori dogo la mizigo, alitaka 25,000. Nililipa 14,000 kwa dereva aliyekuwa ameleta mzigo Nakuru kutoka Kisumu na alikuwa anarudi tupu. Nenda mahali malori yanapoegesha, uliza nani ni wa Kisumu na anarudi lini, na uwe tayari kuisogeza tarehe yako siku mbili ili uifuate yake. Mkubaliane mapema kama bei inahusisha kupakia na kushusha. Mimi wabebaji niliwalipa kando, 1,500 Nakuru na 1,500 Kisumu. Ondoka alfajiri: Mau Summit huwa na ukungu na mvua ya mchana, na huku Kisumu mawingu mengi hufunga jioni. Turubali isiwe ya kuazima njiani.

Usibebe kila kitu. Vitanda vya mbao, meza, kabati kubwa, uza Nakuru au uwape ndugu. Kibuye Jumapili ni soko ambalo utapata kitanda, viti, vyombo, mapazia, mitungi, na fundi wa kukupelekea hadi mlangoni. Kinachostahili nafasi kwenye gari ni kile ambacho hakinunuliki kwa wiki moja. Kwangu ilikuwa mashine.

Cherehani hailali ubavu. Nilikitoa kichwa chake mezani, nikaondoa sindano na boksi la bobini, nikashusha mguu juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ili usigonge meno ya kusukumia nguo, kisha nikakifunga kwa blanketi lile ambalo sikulihitaji tena. Kilisafiri mbele, miguuni pangu. Friji nayo isimame wima njia nzima, na ukifika uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi ufungue kichwa, uufunge vizuri, usimame, usifungiwe karibu na dereva. Nguo zote ziingie kwenye magunia ya sandarusi, ni laini na zinajaza mapengo kati ya vitu vigumu. Vyeti, kitambulisho, kadi za kliniki za mtoto na barua ya uhamisho wa shule viwe kwenye mkoba wako, si kwenye gari. Hiyo barua iombe wiki mbili kabla, shule ikiwa bado haijafunga.

Na kitu kimoja kipakiwe cha mwisho kabisa ili kishuke cha kwanza: gunia lenye neti za mbu, nyundo, misumari, kamba, shuka, sufuria moja, kiberiti, balbu mbili na kufuli mpya.

Usiku wa kwanza

Badilisha kitasa au weka kufuli yako kabla jua halijazama, kwa sababu hujui wapangaji wangapi walitoka na funguo. Jaza mitungi yote maadamu mfereji unatoka. Tundika neti za watoto kabla ya kupanga hata kiti kimoja. Kisha toka, ugonge milango miwili ya karibu, usalimie, useme umetoka wapi na mnaishi wangapi. Huku mtu akisalimiwa vizuri huwa mwenyeji wako hapo hapo. Jirani yangu wa kushoto aliniuliza kama nimekula, nikasema bado tunafungua mizigo, na baada ya nusu saa alinitumia mtoto na sahani ya ugali na omena. Kesho yake alinipeleka kwa mzee wa mtaa nikajulikana, akanionyesha duka lenye mtungi wa gesi wa uhakika na kunitajia siku za gari la taka.

Mwezi wa kwanza andika kila siku yuniti za stima zilizobaki na siku ambazo mfereji haukutoka. Mimi niliandika kwa chaki ya fundi nyuma ya mlango wa jikoni. Tarehe 30 nilizijumlisha: yuniti 41, na siku sita bila maji, zote zikiwa ni zile siku ambazo pampu haikuwashwa. Nilimpelekea mwenye nyumba hesabu hiyo pamoja na kodi ya mwezi wa pili, naye akampa keateka ratiba ya pampu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja asubuhi. Mpaka leo imebandikwa getini.